Vitabu Arobaini na Sita vya Nasabia

Nimefundisha baiolojia miaka thelathini na moja, na nasema kweli, sijawahi kukasirika darasani kama nilivyokasirika siku yangu ya pili katika nchi ya Nasabia. Njia ya kufika huko siielezi; anayetaka kwenda na aitafute. Ninachotaka kueleza ni sheria za watu wale na kesi ya mwanamke mmoja aitwaye Siwema, kwa sababu kila nikianza kuisimulia huku nyumbani watu wanacheka kabla sijafika penye uchungu. Safari hii nitaiandika mpaka mwisho, acheke atakayecheka.

Kila mtu wa Nasabia akizaliwa hupewa kabati. Ndani yake mna vitabu arobaini na sita, vimesimamishwa viwiliviwili, jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi kitabu kimoja kimetoka kwa mama na kingine kwa baba. Mambo huenda hivi: mtoto akikaribia kuzaliwa, wazazi huingia katika nyumba ya wanakili, kila mmoja na kabati lake. Hufungwa kitambaa machoni, halafu kila mmoja hunyoosha mkono kwenye kila jozi yake na kuchomoa kitabu kimoja, basi. Wanakili huvinakili vile vilivyochomolewa, nakala huwekwa kwenye kabati la mtoto, na wazazi hurudishiwa vyao.

Niliposimuliwa hayo nilicheka kwa furaha. Mimi niliyewachosha watoto wa watu kwa kuchora kromosomu ubaoni kwa chaki iliyokatika, leo nimezikuta zimejalidiwa na kusimama kabatini! Nikamwuliza mwenyeji wangu, ndiye huyo Siwema, fundi cherehani mwenye mabinti watano, vitabu vyenyewe vinasema nini.

Akanitazama kama niliyemwuliza rangi ya nguo yake ya ndani. "Dada, wewe umetoka wapi? Kitabu hakifunguliwi."

"Hata chako mwenyewe?"

"Changu ndiyo kabisa."

Hiyo ndiyo sheria yao ya kwanza, Sheria ya Mgongo. Inasema kitabu hujulikana kwa mgongo wake. Mtu anaweza kuvihesabu vitabu vyake, kuvipangusa vumbi, kutaja urefu wa kila kimoja na rangi ya jalada lake, lakini akikifunua amevunja sheria. Wanaoruhusiwa kuona ndani ni wanakili peke yao, nao hunakili herufi mojamoja bila kusoma. Mnakili akikutwa anatabasamu kazini hufukuzwa siku hiyohiyo, maana huenda ameelewa kitu.

Kesho yake nilikwenda shule. Mwalimu wa darasa aliitwa Kiondo, mwanamume mwembamba, mpole, mwenye mikono ya shati iliyojaa vumbi la chaki. Wanafunzi arobaini walisimama wakaniamkia vizuri. Mwaka wa kwanza na wa pili huko ni kuhesabu migongo. Wa tatu ni rangi za majalada. Wa nne ni kuchora ngazi iliyojipinda, ile iliyo ndani ya kila kitabu, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Mwalimu Kiondo akagonga meza na darasa zima likaimba: "Vitabu ni arobaini na sita! Jozi ni ishirini na tatu!" Wakaendelea jozi baada ya jozi, kirefu hiki, kifupi kile, sauti zimepangika kama kwaya. Hakuna aliyekosea.

"Hongereni," nikasema. "Sasa nani ataniambia kazi yake?"

Wakatazamana. Mwishowe msichana wa mstari wa mbele, Mwajabu, binti mkubwa wa Siwema, akanyoosha mkono. "Kazi yake ni kuwa arobaini na sita, Mwalimu."

Darasa likampigia makofi. Hapo ndipo nilipokasirika, na niseme nilimkasirikia nani: nilijikasirikia mwenyewe. Jibu kama hilo nimewahi kulipa alama zote huku kwetu. Nimesahihisha madaftari maelfu yenye ngazi zimechorwa kwa rula, majina yote mahali pake, na sikumwuliza hata mtoto mmoja ngazi ile inakufaa nini wewe uliyekaa hapo.

Nilipelekwa kwa Mkuu wa Makabati, Bwana Ngwali, kwani kila mgeni lazima amsalimie. Nilimkuta anaongoza kikao cha Kamati ya Ngazi, ambayo imekaa miaka kumi na tisa ikijadili kama ngazi ichorwe kwa wino wa buluu au mweusi. Mjumbe mmoja alikuwa anasema buluu inatuliza macho ya mtahiniwa. Mwingine akasema mweusi unatoka vizuri kwenye fotokopi. Wa tatu akapendekeza iundwe kamati ndogo, na kwa mara ya kwanza wote wakakubaliana.

"Mheshimiwa," nikamwuliza Bwana Ngwali walipokwenda kunywa chai, "hiyo ngazi ni ya nini?"

Alinijibu kwa upole kabisa, kama daktari anayezungumza na mgonjwa mkaidi. "Ni ya mtihani, mama."

Niliporudi nilimkuta Siwema amekaa sakafuni anakunja nguo za wanawe, anazipanga mafungu matano. Nilidhani wanakwenda safari. Akaniambia hapana, anayeondoka ni yeye peke yake, na anataka kila mtoto ajue nguo zake ziko wapi.

Nikakaa chini naye. Ndipo akanieleza. Mama mkwe wake, Bi Kidawa, amemshitaki barazani. Sheria ya Nasabia inasema mke aliyezaa mabinti watano mfululizo amekificha kitabu kifupi, kile kimfanyacho mtoto awe wa kiume. Akipatikana na hatia ataondoka na kabati lake tu. Watoto watabaki kwa ukoo wa baba. Baraza linakaa keshokutwa mchana.

"Na mumeo anasemaje?"

"Mbaruku? Mbaruku ananipenda, dada. Tatizo lake mama yake akiingia chumbani yeye anakuwa bubu." Mbaruku alikuwa seremala, ndiye aliyetengeneza makabati ya nusu ya mtaa ule. Nilimsikia uani akipiga randa ubao uleule wa asubuhi.

"Siwema," nikasema, "rudia. Umeshitakiwa kuficha nini?"

"Kitabu kifupi cha jozi ya ishirini na tatu."

"Wewe katika jozi ya ishirini na tatu una vitabu gani?"

"Virefu viwili," akajibu haraka, kama walivyofundishwa wote. "Mwanamke virefu viwili, mwanamume kirefu na kifupi." Kisha akaendelea kukunja gauni la kitinda mimba wake.

Jamani! Nchi nzima inaimba jibu hilo tangu utotoni, na nchi nzima inamhukumu mwanamke kwa kukificha kitu ambacho imeimba kwamba hana. Na si wao tu. Huku kwetu namjua mama, jirani yangu kabisa, aliyerudishwa kwao kwa kosa hilohilo, na mumewe alipata maksi nzuri za baiolojia, mimi ndiye niliyemsahihishia. Nikakata shauri palepale kwamba sitoki Nasabia mpaka kesi ile iishe. Nikamwambia Siwema aache kukunja nguo. Hakuacha, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza aliyarudia maelezo yangu, nani ana kifupi na nani hana, mara mbili kwa sauti ndogo, anahesabu kwa vidole.

Asubuhi nilimvizia Mwalimu Kiondo mlangoni pa shule.

"Mwalimu mwenzangu, usiniingize matatani," akasema. "Kufungua vitabu siwezi."

"Sijakuomba ufungue hata ukurasa. Fundisha unachofundisha kila siku, ila leo uwaulize swali."

Akatazama huku na huku. "Unajua kwa nini mimi ni mwalimu?" akaninong'oneza. "Nilikuwa mnakili. Nilifukuzwa." Akaona aibu kidogo. "Nilitabasamu."

Nikamkamata mkono. "Uliona nini?"

Basi akafunguka kama mtu aliyebanwa miaka mingi. Kila kitabu kimeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C. Kila kipandio cha ngazi ni herufi mbili zilizoshikana, na hazichagui ovyo: A hushika T, G hushika C, siku zote. Ndiyo maana ngazi ikipasuliwa katikati kila nusu inajua nusu nyingine ilikuwaje, na wanakili wanaweza kutengeneza mbili kutoka katika moja. Halafu herufi zile zimegawanyika katika aya, nasi huku aya hizo tunaziita jeni. Aya moja ni maagizo ya kutengeneza rangi ya jicho. Nyingine inaagiza jinsi damu itakavyobeba hewa. "Siku niliyoelewa ile ya damu," Kiondo akasema, "nilishindwa kujizuia. Nikatabasamu, msimamizi akaniona."

"Na tangu hapo unawafundisha watoto rangi za majalada!"

"Bado miaka mitatu nistaafu," akasema, akainamisha kichwa. Nilimtazama tu, maana mimi nilikuwa nimestaafu tayari bila kufanya hata alichokiogopa. Kisha akafungua mlango wa darasa kwa teke dogo. "Haya. Twende."

Tulikata vijiti vya fagio, virefu na vifupi. Wanafunzi wakakaa wawiliwawili, jozi ishirini, mama na baba. Mfuko wa mama ukatiwa vijiti virefu viwili, mfuko wa baba kirefu kimoja na kifupi kimoja, kama wimbo wao unavyosema. Wakafungwa vitambaa machoni. Kila mmoja akachomoa kijiti kimoja, wakaandika, wakarudisha, wakachomoa tena, mpaka kila jozi ikapata watoto watano.

Mwanzoni walikuwa wanacheka, wanataniana nani baba na nani mama. Kisha Mwajabu akavua kitambaa, akaupindua mfuko wake. "Mwalimu, mfuko wa mama hauna kifupi."

"Tafuta vizuri," Kiondo akasema.

"Nimeukung'uta."

"Basi kifupi kimetoka wapi?"

Nikaona uso wa yule msichana ukibadilika, macho yakajaa machozi, maana mama wa kwenye mfuko alikuwa sasa ni mama yake. Kisha zikazuka kelele ambazo sijapata kuzisikia katika shule ile: watoto wanabishana, wanakung'uta mifuko, wanahesabu. Jozi moja katika zile ishirini ilikuwa imepata virefu vitano mfululizo, na yule mvulana aliyekuwa baba akalalamika, "Lakini mimi sijafanya kitu! Nimechomoa tu!" Kiondo akasimama katikati yao, anatabasamu waziwazi.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Makabati ya wahusika yaliletwa na kupangwa mbele, kama desturi inavyotaka: la Siwema, la Mbaruku, la Bi Kidawa na matano ya mabinti. Bi Kidawa alikaa kiti cha mshitaki, mgongo umenyooka, mwanamke mkavu wa miaka sabini aliyevaa nguo zake za sikukuu. Desturi nyingine ni kwamba baraza hufunguliwa kwa wimbo wa darasa moja la shule. Mwalimu Kiondo alikuwa ameliombea zamu hiyo darasa lake.

Wakaimba. Bwana Ngwali akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasoma shitaka. Nikasimama.

"Mgeni hana ushahidi Nasabia," akasema. "Kaa chini, mama."

Nilikaa. Nikafikiri, basi, imekwisha. Lakini Siwema akasimama mwenyewe.

"Mheshimiwa, naomba darasa lirudie jozi ya mwisho."

Haikuwa kinyume cha sheria kuomba wimbo. Wakarudia: "Jozi ya ishirini na tatu! Mwanamke, virefu viwili! Mwanamume, kirefu na kifupi!"

"Naomba tena."

Wakarudia. Kule nyuma mtu mmoja akasema, "Ala!" Wanawake wakaanza kugeukiana. Siwema akaomba mara ya tatu, na mara hiyo ukumbi wote ulisikiliza maneno badala ya sauti.

Bwana Ngwali akagonga meza. "Swali hilo halimo katika mtaala!"

"Sijauliza swali, Mheshimiwa. Nimeomba somo."

Mkuu wa Makabati akapangusa jasho. Hakuwa mjinga, alikuwa tu hajawahi kulazimika kufikiri. Akafikiri, midomo inacheza, nadhani alikuwa anauimba wimbo kimoyomoyo. Kisha uso ukamng'aa. "Naam! Basi aliyekificha kifupi ni Mbaruku! Mkamateni Mbaruku!"

Watu wakashangilia, nami nikashika kichwa. Wanajua jambo kwa dakika moja, na wameshatafuta wa kumfunga nalo! Mbaruku alisimama amekuwa wa kijivu.

"Thubutu!" Siwema akapaza sauti. "Mbaruku hakuficha. Alifungwa kitambaa machoni kama mimi, akachomoa kama mimi. Mara tano mkono wake ulipata kirefu. Wiki hii darasani mtoto mmoja kapata vivyo hivyo kwa vijiti vya fagio, naye mtamfunga? Hapa hakuna mwenye kosa, Mheshimiwa. Mlitaka mkosaji kabla hamjataka kujua."

Bi Kidawa peke yake ndiye ambaye hakuwa ametikisika. Akasema, bila kumtazama mkwewe, "Maneno mengi. Wa kwangu hawapo. Nitakufa, na katika makabati ya watoto wa mwanangu hakuna kilicho changu."

Mwajabu akatoka katika mstari wa wanafunzi, akaenda mpaka mbele ya kiti. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, baba ana kitabu kirefu katika jozi ile. Alikipata kwa nani?"

"Kwa babu yako, kwa nani mwingine?"

"Babu angempa kirefu, baba angekuwa mwanamke." Watu wakacheka, kisha wakaacha. "Babu alimpa kifupi. Kirefu alikipata kwako. Na sisi sote watano, baba alitupa kirefu." Akameza mate. "Angezaa wa kiume, Bibi, angempa kile cha babu. Kile cha kwako tunacho sisi."

Nilimwona Bi Kidawa akihesabu kama Siwema alivyohesabu, vidole juu ya goti, kutoka kwake kwenda kwa mwanawe, kutoka kwa mwanawe kwenda kwa hawa. Alirudia hesabu. Akainuka bila kusaidiwa, akaenda kwenye kabati la Mwajabu, akachomoa kitabu kirefu cha upande wa baba na kukifunua mbele ya Mkuu wa Makabati.

Ukumbi ukapiga kelele ya woga. Yeye hakugeuka. "Nani anajua kusoma humu?"

Mwalimu Kiondo akapita mbele, miaka yake mitatu yote mabegani. Akafungua na cha Mbaruku, na vile virefu viwili vya Bi Kidawa, akatafuta. Katika ukurasa mmoja akaonyesha mahali ambapo mnakili wa zamani alikosea, akaandika G mahali pa A. Kosa lile lilikuwamo katika kitabu kimoja cha bibi. Lilikuwamo kwa Mbaruku. Likakutwa kwa binti wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, na kwa kitinda mimba ambaye alikuwa amelala begani kwa jirani. Kila mara Kiondo aliposema "lipo", Bi Kidawa aliitikia "ehe", na kila "ehe" ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia. Mbaruku alikuwa analia waziwazi, na hatimaye akasema neno lake la kwanza mbele ya mama yake: "Mama, futa kesi."

"Nimefuta," akasema Bi Kidawa. Akafuta na macho. "Miaka kumi na mbili nawaita hawa mizigo ya watu. Miaka kumi na mbili!"

Bwana Ngwali akasimama, karatasi zinamwanguka. "Kesi imefutwa, lakini Bi Kidawa, umefunua kitabu hadharani. Hilo ni kosa kubwa. Nitalazimika kukushitaki."

"Nishitaki," akasema yule mwanamke, akiwa ameketi sasa kati ya wajukuu wake na kitabu kimelazwa mapajani. "Ila ngoja kwanza nimalize ukurasa."

Hakuna aliyemgusa. Siwema hakumkumbatia, miaka kumi na mbili haifutiki mchana mmoja, na mimi nisingemlaumu kama angetoka na wanawe bila kuaga. Lakini alikwenda, akainama, akakichukua kitabu mapajani mwa mama mkwe wake na kumgeuzia, maana bibi yule alikuwa amekilaza kichwa chini.